Kiolezo cha kukatwa na mtu usiyemjua

Mchoro mzuri ni kitu kimoja na kiolezo kizuri ni kingine. Mchoro unautundika ukutani. Kiolezo kinagundishwa juu ya mbao, kinatobolewa, kinapitishwa msumeno, kisha kinabanduliwa na kutupwa. Anayekikata huenda yuko Tanga, au Nakuru, au Birmingham. Printa yake si yako, plaiwudi yake si yako, bledi zake si zako. Chochote ambacho hukukiandika kwenye karatasi atakibahatisha, na akikosea, mbao inayoharibika ni yake.

Ninazungumzia msumeno wa skroli: ile mashine ya mezani yenye bledi nyembamba iliyokazwa juu na chini kama uzi wa zeze, inayopanda na kushuka huku fundi akiisukuma mbao kwa mikono miwili. Mengi ya hapa yanamfaa pia mwenye msumeno mdogo wa tao wa kushika mkononi. Mwenye jigsoo asijisumbue. Bledi yake ni pana mno kwa kona za aina hii.

Tuchukue kiolezo kimoja tuende nacho hadi mwisho: kibao cha mlangoni cha KARIBU, kilichopangwa kama kanga, yaani kina pindo, mji na jina. Nakshi ya pindo ni korosho, kwa sababu kila mtu anaijua, ina mkunjo mmoja mgumu na ncha moja ngumu zaidi, na inafichua udhaifu wa mchoraji haraka.

Gawa kwanza, chora baadaye

Kibao ni milimita 240 kwa 180, kimelala kama kanga iliyotandazwa. Ukubwa huo haukuchaguliwa kwa sura. Karatasi ya A4 ni mm 297 kwa 210. Karatasi ya Letter, ambayo ndiyo ya kawaida Marekani na Kanada, ni takriban mm 279 kwa 216. Kiolezo kinachojaza A4 hadi ukingoni kitamlazimu mtu wa Letter akipunguze hadi asilimia 94 ndipo kiingie, na vipimo vyote vimekufa hapo hapo. Cha 240 kwa 180 kinaingia kwenye karatasi zote mbili bila kupunguzwa, na bado kinaacha ukingo kwa zile printa zisizochapa hadi mwisho wa karatasi.

Pindo ni mm 30 kuzunguka pande zote. Ukiondoa kona, urefu unabaki mm 180 na kimo mm 120. Gawa kwa 30: korosho sita juu, sita chini, nne kulia, nne kushoto, jumla ishirini, na kona nne za mraba wa mm 30 zilizobaki zinapata ua la petali nne kila moja. Pindo la mm 25 lingeacha urefu wa 190, ambao ukiugawa kwa 25 unapata saba na kitu. Hicho kitu ndicho kinacholeta vile vibao ambavyo korosho ya mwisho imebanwa kwenye kona kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni.

Chora korosho moja tu. Kwenye Inkscape, programu ya bure inayotosha kabisa kwa kazi hii, usitumie nakala ya kawaida. Tumia nakala pacha, kwa kubonyeza Alt na D. Nakala pacha zinaifuata ya kwanza. Ukigundua baadaye kwamba mkunjo ni mwembamba mno, unarekebisha korosho moja na kumi na tisa nyingine zinajirekebisha zenyewe.

Ndani ya kila mraba wa mm 30 mgawanyo ni huu: ukingo wa nje wa mbao mm 6, ukingo wa ndani kuelekea mji mm 4, na kati yake mm 20 za kimo cha korosho. Urefu wa korosho ni mm 24, hivyo kati ya korosho na jirani yake inabaki mbao ya mm 6. Korosho zenyewe ni matundu. Mbao ndiyo inayobaki pembeni.

Kisiwa na daraja

Hapa ndipo violezo vingi vinapokufa. Kipande chochote cha mbao kilichozungukwa na mkato pande zote ni kisiwa, na kisiwa kinaanguka. Kwenye skrini hakianguki, ndiyo maana mchoraji hakioni.

Angalia jina lenyewe. Katika KARIBU, kama herufi ndizo zinazotobolewa, K haina kisiwa, A ina kimoja, R kimoja, I haina, B viwili, U haina. Vinne. Neno BABA lina sita. Kila kisiwa kinahitaji daraja, yaani kishikizo cha mbao kinachokiunganisha na mbao kubwa.

Njia ya kivivu ni kutumia fonti ya stensili, ile ya herufi za magunia na makasha, ambayo hukata mti wa B, ule mstari wake uliosimama, kwa madaraja ya kulala. Kwa plaiwudi ya mm 6 yenye tabaka tano hakuna tatizo. Kwa mbao ngumu, mninga au mkongo, tatizo ni kubwa. Mbao ina nguvu kufuata nyuzi zake na ni dhaifu kukatisha nyuzi. Daraja la mm 3 ambalo nyuzi zinalikatisha linavunjika kwa kidole, tena mara nyingi linavunjika wakati wa kubandua karatasi, baada ya kazi yote kwisha. Ukiwa na daraja la A lililosimama na madaraja ya B yaliyolala, vyovyote utakavyoigeuza mbao, upande mmoja utakuwa dhaifu.

Kwa hiyo madaraja yote ya neno hili yasimame. Kisiwa cha A, ile pembetatu, kinashuka kwa daraja moja kupitia ule mstari wa katikati hadi kwenye mbao iliyo kati ya miguu ya A. Kisiwa cha R kinapanda kupitia paa la tumbo lake. B: tumbo la juu linatoa daraja kwenda juu, tumbo la chini linatoa daraja kwenda chini. Madaraja manne, yote wima. Sasa unaandika kwenye karatasi mshale mmoja uliosimama na maneno “nyuzi za mbao zielekee hivi”, na kiolezo kinafaa kwa plaiwudi na kwa mbao ngumu pia.

Vipimo vya neno: kimo cha herufi mm 40, unene wa kila mstari wa herufi mm 7, nafasi kati ya herufi mm 4. Neno zima linachukua kama mm 147 ndani ya mji wa 180. Madaraja mm 3 kwa plaiwudi, mm 4 hadi 5 kwa mbao ngumu. Chini ya mm 2 usimpe mtu usiyemjua.

Jambo moja ambalo wachoraji wanaolikosa wanaongeza kazi bure: daraja moja kwa kisiwa haliongezi tundu la kutoboa. Ukikata pete mahali pamoja bado ni kipande kimoja. Ukiikata mahali pawili, ni vipande viwili, na kila kipande kinataka tundu lake la kuingizia bledi. Herufi B yenye daraja moja kwa kila kisiwa inatobolewa mara moja tu. Fonti nyingi za stensili huweka madaraja mawili kwa kila kisiwa, na fundi analipa kwa kufungua na kufunga bledi mara nyingi zaidi. Madaraja mawili yanastahili pale kisiwa kinapokuwa kikubwa kiasi cha kuning’inia na kutikisika, tuseme kuzidi mm 30.

Korosho nazo zina kisiwa ukitaka: lile tone dogo la ndani linalozipa uhai. Lipe tone ulimi. Tone halielei katikati ya tundu. Linachomoza kutoka upande mnene wa korosho kama ulimi wa kengele, shingo yake mm 3. Kwenye kibao hiki kuna ndimi ishirini, na zote ziko kwenye pindo ambapo watu hushika kibao wakikitundika. Ndiyo sababu shingo ni mm 3 na si 2, hata kama 2 inapendeza zaidi.

Wanaochora maandishi ya Kiarabu kwa ajili ya milango na kuta wanakutana na tatizo hili maradufu. Bismillahi kamili ina nukta nne: moja ya ba, moja ya nuni, mbili za ya. Kama herufi ndizo zinazobaki kuwa mbao, nukta ni visiwa visivyo na pwani, na maneno yenyewe hayashikani. Kama herufi ndizo zinazotobolewa, nukta ni matundu tu, hazina shida, ila vichwa vya mim na tumbo la ha vinadondoka. Wengi humaliza kwa kukata herufi ziwe mbao kisha kuzigundisha na nukta zake juu ya ubao wa nyuma wa rangi nyingine. Hiyo ni sawa, lakini basi kiolezo kiwe na ukurasa wa pili unaoonyesha mahali hasa pa kila nukta, la sivyo mtu atasogeza nukta ya ba na neno litageuka kitu kingine. Na karatasi yenye jina la Mungu huishia chini ya mashine pamoja na vumbi. Watu wa Pwani watakuuliza. Suluhisho ni kuweka kwenye faili ukurasa wa ziada wenye mikato yake kama mistari mitupu isiyojazwa, uliogeuzwa kama kwenye kioo, wa kugundishwa nyuma ya mbao.

Kupima visiwa hakuhitaji macho ya mwewe. Fungua kiolezo kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, chukua ndoo ya rangi, mimina rangi nyekundu kwenye ukingo wa mbao. Mbao yote iliyoshikana itakuwa nyekundu kwa mmimino mmoja. Kipande cha mbao kilichobaki cheupe ni kisiwa. Ukikosa kompyuta, weka kidole kwenye ukingo wa karatasi na ujaribu kufika kila sehemu ya mbao bila kuvuka mkato.

Usinakili mlango

Watu wengi hutaka kuanza na milango ya Zanzibar au Lamu: wanapiga picha, wanaipitisha kwenye programu ya kugeuza picha kuwa mistari, wanachapa. Kinachotoka hakikatiki, na sababu ni ya kifundi. Mlango umechongwa kwa patasi. Una kina: jani limepita juu ya mnyororo, mnyororo umepita juu ya ua, na kivuli ndicho kinachokuambia kipi kiko juu. Msumeno wa skroli haujui kina. Unajua vitu viwili tu, mbao na tundu. Kila mahali ambapo mistari miwili inapishana mlangoni, lazima uamue: hapa ni daraja au ni tundu. Programu haiwezi kukuamulia hilo. Inafuata vivuli, na jua lilikuwa upande gani wakati wa kupiga picha.

Kwa Mji Mkongwe, macho yainuke kutoka kwenye milango yaende kwenye roshani na zile mbao za nakshi chini ya mapaa. Dispensari ya Zamani, jengo ambalo Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887, ina roshani ambazo ni shule tosha. Kazi ya aina hiyo ni ya mbao na uwazi, na inahamia kwenye kiolezo kwa urahisi. Piga picha ukiwa umenyooka nayo kadiri uwezavyo, tafuta kipande kinachojirudia, chora nusu yake tu, geuza nusu ya pili. Nusu ya kushoto ya roshani ya zamani haifanani sawasawa na ya kulia. Usihangaike kuifuata kasoro hiyo.

Mistari, rangi na matundu

Mstari wa kukata uwe mwembamba, mm 0.3, wa rangi nyekundu au nyeusi. Mstari wa mm 1 unamwachia fundi swali: nikate ndani, nje au katikati? Kila fundi atajibu lake, na kwenye daraja la mm 3 jibu hilo ni theluthi nzima ya mbao.

Sehemu za kutoboa zijazwe rangi ya kijivu hafifu, asilimia 20 hadi 30. Wengi hujaza nyeusi tii. Nyeusi inakula wino, inalowesha karatasi ya printa ya wino wa maji hadi inajikunja, na mbaya zaidi inameza mstari wenyewe: bledi ikiwa juu ya ukingo wa nyeusi huioni. Kijivu kinakuonyesha kipi kinatoka, na mstari bado unaonekana.

Matundu ya kuingizia bledi yachore wewe, usimwachie fundi. Nukta ndogo yenye msalaba, ndani ya kijivu, karibu na kona na si katikati ya mkunjo. Fundi anaanza kukata kutoka kwenye kona kwa sababu alama ya mwanzo na mwisho wa mkato inafichika pale. Kwenye mkunjo inabaki kama kovu. Kwenye korosho tundu liwe karibu na ncha, lakini mm 3 nyuma yake, maana keekee au drili ikiteleza mm 1 tu ncha imeliwa.

Hesabu matundu uandike idadi. Kibao hiki: korosho za pindo 20, petali za kona 16, herufi 6, na korosho mbili kubwa za mji zinazotazamana, 2. Jumla 44. Fundi akiiona namba hiyo anajua kazi aliyonayo, na akimaliza kutoboa anahesabu kabla ya kufunga bledi.

Hapa kuna jambo la mashine ambalo mchoraji akilisahau anawafungia nje watu wengi. Kuna bledi za pini na bledi zisizo na pini. Zisizo na pini hupita kwenye tundu la mm 1.5. Za pini, ambazo ndizo zinazotumika kwenye mashine nyingi za bei nafuu, zina kijiti kinachokatisha kila mwisho, na zinataka tundu la karibu mm 5. Tundu lolote la nakshi lisilofika upana huo mahali popote haliwezi kukatwa na mwenye pini. Ndiyo maana mistari ya herufi ni mm 7 na petali zina mm 7 pale zilipopanuka. Andika wazi “kinafaa bledi za pini” au “hakifai”. Sentensi moja inamwokolea mtu plaiwudi.

Karatasi ifike ikiwa na kipimo chake

Weka mraba wa mm 50 kwa 50 kwenye kila ukurasa, na maneno “ukipima huu uwe mm 50 kamili”. Mraba huo una kazi kuliko maelezo yote.

Wengi hawana printa nyumbani. Wanapeleka simu kwa mtu wa stesheneri, naye anabonyeza kama anavyobonyeza kila siku, na programu yake imekaa kwenye “Fit”, inayopunguza ukurasa uingie ndani ya ukingo wa printa. Mwambie mteja wa kiolezo chako, kwa maneno ya kumwonyesha yule kijana wa mashine: “Chapa kwa asilimia 100, Actual size, usiweke Fit.” Mraba ukitoka mm 47, hesabu ni 50 gawa kwa 47, yaani chapa tena kwa asilimia 106.4.

Mwenye kutaka kibao kikubwa atakikuza. Fotokopi kutoka A4 kwenda A3 ni asilimia 141. Kurudi ni 71. Nakshi inakubali kukuzwa. Kupunguzwa ni habari nyingine: kwa 71 daraja la mm 3 linakuwa mm 2.1 na petali ya mm 7 inakuwa mm 5, ukingoni kabisa mwa bledi ya pini. Andika “usipunguze chini ya asilimia 85”.

Lakini kuna sehemu moja isiyokuzwa wala kupunguzwa kamwe: mifereji ya kuunganishia. Kibao hiki kina miguu miwili ya hiari ya kukisimamisha mezani, kila mguu una mfereji wa kuingiza plaiwudi. Unene wa plaiwudi haukui kwa sababu mchoro umekua. Tena plaiwudi iliyoandikwa mm 6 mara nyingi si mm 6. Ipime kwa vernia, kile kifaa cha kubana na kusoma unene, kabla ya kuiamini. Weka miguu kwenye ukurasa wake pekee, na pembeni yake mstari wa mifereji ya majaribio ya mm 5.0, 5.3, 5.6, 5.9 na 6.2. Fundi anaikata kwenye kipande cha taka, anasukumiza plaiwudi yake, anachagua ule unaoingia kwa kusukuma kwa kidole gumba. Mfereji unaoingia kwa nyundo utapasua mguu. Unaoingia wenyewe utayumba.

Maelezo ya kukata, yawe ukurasa mmoja

Hapa ndipo watu huandika kitabu. Haya yanatosha kwa kibao hiki.

Kata ubao uwe 240 kwa 180 kwa msumeno wa kawaida kabla ya kugundisha karatasi. Bledi za skroli zilizokatwa kwa kupondwa hubaki na ukali zaidi upande mmoja, kwa kawaida wa kulia, hivyo huvutia upande huo na fundi husukuma mbao kwa mshazari kidogo kuifidia. Kwenye maua hakuna anayeona. Kwenye mstari ulionyooka wa mm 240 kila mtu anaona.

Piga msasa kabla, namba 120 kisha 180, futa vumbi. Funika uso wote kwa maskingitepu, gundisha karatasi juu ya tepu kwa gundi ya kupuliza au ya kijiti, kisha pitisha selotepu pana juu ya karatasi. Tepu ya chini inafanya karatasi ibanduke yote bila kung’oa ndimi za korosho. Selotepu ya juu inapunguza kuungua kwa mbao, jambo linaloonekana wazi kwenye mninga na mvule. Aliyegundisha karatasi moja kwa moja kwenye mbao atalazimika kuilowesha kwa thina ili itoke, na printa ya wino wa maji itakuwa imemwachia doa.

Toboa matundu yote ukiwa umeweka ubao wa taka chini. Bila huo, drili inapotokea upande wa pili inang’oa vipande kuzunguka tundu, na kwenye plaiwudi ya bei nafuu tabaka zima la chini linainuka.

Bledi namba 3 yenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa juu, kwa plaiwudi moja ya mm 6. Meno hayo hukata kwenda juu, ndiyo yanayozuia manyoya upande wa chini. Ukifunga mbao mbili pamoja kupata vibao viwili kwa mkato mmoja, mm 12, tumia namba 5, ambayo ina upana wa karibu mm 1 na unene wa karibu mm 0.4. Kaza bledi hadi ukiipiga kwa kidole itoe mlio mkali, si mvumo. Bledi iliyolegea hujipinda katikati ya mbao: juu mkato unafuata mstari, chini umekwenda kwingine, na daraja la mm 3 lina mm 2 upande usiouona.

Mpangilio wa kukata: jina kwanza, kisha korosho za mji, kisha kona, pindo mwisho. Mbao ikate ikiwa bado imara katikati, udhaifu uletwe nje pole pole. Ncha ya korosho haizungukwi. Kata upande mmoja hadi nchani, rudisha bledi nyuma, kata upande wa pili mkutane pale pale. Anayejaribu kuizunguka anapata ncha butu na alama ya kuungua. Mbao ikinuka moshi kwenye mikunjo, ama bledi imekwisha, ama unasukuma kwa nguvu badala ya kuiacha bledi ikate yenyewe. Bledi zikikatika kila mara, angalia kama unasukuma kwa pembeni. Bledi hizi hufa kwa kupindwa zaidi kuliko kwa kukata.

Vaa barakoa. Vumbi la mvule linawasha pua na koo, na lile la MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ni laini kiasi kwamba hulioni likiingia.

Kugawa

Kugawana violezo kumeitangulia intaneti kwa mbali. Jarida la Hobbies, lililoanza Uingereza mwaka 1895, lilijengwa juu ya jambo hilo hilo: karatasi ya kiolezo ndani ya jarida, msomaji akate nyumbani. Tofauti ni kwamba karatasi yao ilifika ikiwa na kipimo chake. Yako inapita kwenye WhatsApp.

Na WhatsApp ndipo inapoharibika. Kiolezo kikitumwa kama picha kinabanwa, mistari ya mm 0.3 inakuwa ukungu, na kipimo kinapotea kabisa kwa sababu picha haina milimita. Tuma PDF, na itume kama “Document”, hata ukiwa na haraka. Picha iwe ya kuonyesha tu kazi iliyokamilika. Wenye kutaka kurekebisha wape pia SVG, faili la mchoro ambalo mistari yake inaweza kuhaririwa. Lazima utoe PNG, yaani faili la picha? Iwe ya nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 3508 kwa 2480 kwa A4 iliyolala.

Jina la faili libebe vipimo: karibu-korosho_240x180_plai6mm_v1.pdf. Faili hujitenga na ujumbe wake. Ikifika kwenye simu ya tano, jina ndilo maelezo pekee yaliyobaki.

Kuhusu haki, korosho ni ya wote, lakini mpangilio wa kanga iliyotoka kiwandani mwaka huu una mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ni ya 1999, ya Kenya ni ya 2001, na zote mbili kwa kawaida zinalinda kazi maisha yote ya mtunzi wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Chora korosho yako, usifuatishe ya mtu kwa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Ukitoa kiolezo chako, usiishie kuandika “si kwa biashara”, maneno yanayomwacha fundi wa kijijini hajui kama anaruhusiwa kuuza kibao alichokikata kwa jasho lake. Andika viwili kando: kuuza vibao, ruksa au si ruksa, kuuza au kubadilisha faili, ruksa au si ruksa. Maoni yangu ni kwamba anayekata auze, tena auze vingi.

Kabla ya kutoa v1, yaani toleo la kwanza, mpe faili mtu mmoja ambaye hajakuona ukichora, mwenye mashine nyingine na printa nyingine, na usimweleze chochote. Kila swali atakalokupigia simu kuuliza ni mstari unaokosekana kwenye karatasi. Kwa kibao cha aina hii maswali huwa yale yale: nyuzi zielekee wapi, huu mstari nikate upande gani, na hivi vimifereji vitano pembeni ni vya nini. Yajibu kwenye karatasi yenyewe, badilisha v1 iwe v2, ufute ile ya kwanza kila mahali ulipoiweka.